Maji ya Mto Mara Yanaanzia Msitu wa Mau: Kabla Hujakopa Pampu, Soma Hii



Kila kiangazi kikikaza naulizwa swali lile lile kutoka mabonde ya Butiama: pampu ipo, mafuta yapo, tikiti limeshatoa maua, ila mto umeshuka na mpira unavuta tope. Halafu ghafla mto unajaa na kusomba miche, wakati huku kwetu hata wingu hakuna. Wengi tunalaumu mvua tu. Leo twende kwenye chanzo.

Mto Mara una kilometa 395 hivi. Unaanzia milima ya Mau, Kenya, kwa mito ya Nyangores na Amala, unapita Masai Mara na Serengeti, ndipo unafika kwenye mafunjo yetu, Daraja la Kirumi, hadi ziwani. Kwa hiyo mvua inayoamua maji ya shamba lako kwa sehemu kubwa inanyesha Kenya.

Msitu wa Mau ni kama tangi. Udongo wenye majani yaliyooza unanyonya mvua na kuiachia polepole. Ukifyekwa, mvua ile ile inakimbia juu ya ardhi na kubeba udongo: mto unajaa upesi, unakauka upesi. Tope linatua kwetu. Kinamasi cha Mara kimetanuka sana tangu miaka ya 1970, na watafiti wanahusisha hilo na udongo unaotoka juu.

Sasa, Mau ni hifadhi kisheria. Ulifyekwaje? Ni mkusanyiko wa misitu 22, kama hekta 400,000. Mwaka 2001 serikali ya Kenya ilitoa zaidi ya hekta 60,000 kwenye hifadhi kwa ajili ya makazi. Ramani ilibadilishwa mezani, mapanga yakafuata. Ripoti ya jopo la serikali ya 2009 ikaonyesha kuwa karibu robo ya msitu imepotea ndani ya miongo miwili. Watu waliondolewa, na Waogieki, waliokuwa humo na mizinga yao ya asali kabla ya hifadhi yoyote, nao wakaguswa. Mei 2017 Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha iliamua kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba uhifadhi si sababu ya kutosha kuwatoa. Kwa maoni yangu hayo ni makosa mawili: kugawa ovyo, kisha kufukuza ovyo.

Kuna mbinu nyingine za kuujali msitu. Tangu 1986 wamepanda mikanda ya chai kandokando ya misitu, iwe mpaka unaoingiza pesa. Pia sheria zao za 2005 na 2016 zinaruhusu vikundi vya wananchi kusaini mkataba na Huduma ya Misitu, wapate kuni, malisho na asali huku wakilinda. Kwetu, Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kumiliki msitu wake wa hifadhi kwa sheria ndogo. Ninyi wa Bunda na Musoma Vijijini mnaovuta maji ziwani mna nafuu, lakini vijito vya vilima vyenu vinategemea misitu ya aina hiyo. Ulizia kijijini kama upo na kamati yake inakutana.

Wewe wa mtoni, kabla ya kuchukua mkopo wa halmashauri kununua pampu kubwa, omba kwanza kibali cha kutumia maji Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, ofisi kuu ipo Mwanza. Shamba liwe mita 60 kutoka kingo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya hapo, na mafuriko yenyewe hayana huruma. Jiunge na jumuiya ya watumia maji, kwa sababu mto ukishuka zamu za kuvuta hupangwa humo, na asiye mwanachama hana wa kumsemea. Na chimba bwawa dogo la kuhifadhia maji, ulitandike turubai, ulijaze mto ukiwa bado umejaa.