Unakodi Prado la sikukuu? Uliza bima kwanza

Desemba ikikaribia, wasikilizaji wetu huchangishana na ndugu wakodi Prado au V8 ya kwendea nyumbani. Bei ya siku tunajua kuipatana. Bima hatuulizi.

Bima ndogo humlipa uliyemgonga, si gari ulilokodi. Likipinduka, mwenyewe atakudai wewe. Bima kubwa hulitengeneza, ila mara nyingi kuna kiasi cha kwanza unachobeba wewe, na kwa gari la bei mbaya si haba. Tena ikiwa ilikatwa kwa matumizi binafsi, si ya kukodisha, kampuni inaweza kukataa kulipa. Hapo ndipo watu huuza ng'ombe.

Yaandikwe kwenye mkataba. Kabla ya kuwasha, piga video mikwaruzo, kilomita, mafuta na tairi la akiba, mwenye gari akiwepo.