Luteni Shergold Smith (2): Mwanamaji aliyefia Ukerewe

Wiki iliyopita tulimwacha Luteni George Shergold Smith akiipa kisogo meli ya kivita. Alikwisha kupigana Ashanti, Afrika Magharibi, mwaka 1873–74. Sasa, mwaka 1876, anaongoza wamisionari wa Kianglikana kutoka pwani ya Zanzibar kwenda kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda.

Kundi la Smith lilitembea miezi kadhaa, wapagazi wakibeba mabegani vipande vya mashua iitwayo Daisy ili viunganishwe kwenye Ziwa Victoria. Walipiga kambi Kageye, Usukuma. Hapo Dk. John Smith akafa Mei 1877. Mwezi uliofuata Luteni na Kasisi Wilson walivuka ziwa. Tarehe 30 Juni walikuwa Rubaga, ikulu ya Mutesa.

Wilson akabaki. Smith akarudi kusini kumfuata mwenzao O'Neill, ambaye alikuwa amenunua jahazi kwa Songoro, Mswahili aliyefanya biashara ya pembe na watumwa. Mgogoro ulianzia hapo. Songoro aligombana na Lukonge, mtawala wa kisiwa cha Ukerewe, akakimbilia kambini kwa Waingereza kisiwani humo. Lukonge akamtaka. Smith akakataa kumtoa. Desemba 1877 kambi ikavamiwa. Smith, O'Neill na wengi wa watu wao wakauawa, Songoro naye pamoja nao.

Wazungu wengi wa wakati ule walimwita Lukonge mshenzi. Mimi sikubaliani nao. Kisiwa kilikuwa chake, na mgeni aliyemficha adui yake ndani ya himaya yake alikuwa amejiingiza vitani. Smith, kwa upande wake, alifanya kama nahodha wa meli: aliyepanda sitahani hakabidhiwi. Ila nchi kavu haina sitaha, na bendera ya Uingereza haikuwa na mamlaka yoyote Ukerewe. Cha ajabu zaidi, ofisa wa zamani wa jeshi la majini lililokuwa likiyawinda majahazi ya watumwa pwani alikufa akimlinda mfanyabiashara wa watumwa.

Alexander Mackay, mwenzao aliyecheleweshwa na maradhi, alifika Kageye Juni 1878, akaikuta Daisy imechakaa. Aliikarabati. Kisha akaenda Ukerewe bila silaha, akazungumza na Lukonge ana kwa ana, akarudi salama. Wiki ijayo tutamfuata Mackay huyo mpaka Usambiro, kusini mwa ziwa, alikofia Februari 1890.