Jina la Biashara Mikononi mwa Mteja Mwenye Simu



Katika mitaa yetu ya Pwani, jina la mpishi wa biriani au mshonaji wa mabuibui lilijengwa barazani na kuvunjwa barazani. Chakula kikiharibika harusini, habari ilifika mtaa wa pili kabla sufuria hazijaoshwa. Hilo halijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba maneno ya barazani yalisahaulika kwa kupita siku, ilhali haya ya mtandaoni hubaki pale pale, na mteja atakayekuja baada ya mwaka mzima huyasoma kana kwamba yameandikwa asubuhi ya leo.

Tumeona tuliandikie jambo hili kwa ajili ya mama zetu na dada zetu hasa, kwa kuwa wengi wao hawana duka lenye mlango. Duka lao ni simu. Mahamri, sambusa, keki, udi, abaya zilizoagizwa kutoka Dubai, hina na piko za bi harusi: yote hutangazwa kwa stetasi ya WhatsApp, Facebook, Instagram au TikTok, na malipo huja kwa M-Pesa. Mwenye duka Marikiti akigombana na mteja mmoja, wapita njia wengine bado wataingia. Mama anayeuza kwa simu hana wapita njia. Jina lake likichafuka katika makundi mawili matatu ya WhatsApp, oda hukatika, na ada ya shule iliyokuwa ikitoka humo nayo hukatika.

Basi tuanze na lalamiko, kwa maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Kisa cha mbali kitatufaa. Mwaka 2008 Dave Carroll, mwanamuziki wa Kanada, alisafiri kwa ndege ya United Airlines ya Marekani, na gita lake likavunjwa katika upakiaji wa mizigo. Matengenezo yalimgharimu dola 1,200. Kwa muda wa miezi tisa alilifuata shirika hilo, akirushwa kutoka kwa huyu hadi kwa yule, mwisho akaambiwa hapati kitu. Julai 2009 akauweka YouTube wimbo wa kulilaumu, na ukatazamwa na mamilioni ya watu. Hatumwiti msomaji akautafute wimbo huo. Kinachotuhusu ni hesabu yake. Shirika lilikataa kutoa dola 1,200, likajikuta linatafuta suluhu mbele ya ulimwengu mzima.

Funzo la kisa hicho kwa mama wa mahamri ni kwamba mteja huanza kusema hadharani pale aliposema faraghani asisikilizwe. Ujumbe wa lalamiko ukifika jioni, usiachwe hadi kesho kutwa kwa sababu unaudhi. Na akiwa ameshaandika mbele ya watu, ajibiwe papo hapo mbele ya watu, kwa maneno machache, kisha mazungumzo yahamie faraghani. Jibu lenyewe laweza kuwa hivi: “Dada, tunakuomba radhi. Keki yako ilichelewa kwa saa 2, na kosa ni letu. Tumekutumia ujumbe ili tukubaliane kuhusu kurudishiwa pesa au kutengenezewa nyingine.” Hakuna zaidi. Asitajwe dereva wa bodaboda, wala umeme uliokatika, wala mtoto aliyekuwa mgonjwa, hata kama yote ni kweli. Anayesoma kwa pembeni hapimi udhuru. Anatazama iwapo akiagiza yeye na mambo yakaharibika atatendewa vipi. Jibu lile huandikwa kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya mlalamikaji.

Wako wateja wakorofi, hilo hatulikatai. Yupo anayekula pilau ikaisha sinia kisha akasema haikuwa na chumvi. Naye ajibiwe kwa adabu ile ile, mara moja tu. Ukijibizana naye mara tano, wasomaji hawatakumbuka nani alikuwa na haki. Watakumbuka kwamba wewe ni mgomvi.

Wengine huona njia rahisi ni kuyafuta maoni mabaya. Facebook hukuwezesha kuyaficha maoni yaliyo katika ukurasa wako, lakini aliyeyaandika huenda amekwisha kuyapiga picha ya skrini, na picha hiyo ikisambazwa pamoja na maneno “wamenifutia,” unakuwa na makosa mawili badala ya moja. Matusi na kashfa yafutwe bila kusita. Lalamiko la kweli lijibiwe liachwe. Katika Google mwenye biashara hana hata uwezo wa kuyafuta: aweza kuyajibu, au kuyaripoti yakiwa yamevunja kanuni zao. Hata hivyo pasiwe na hofu ya kupita kiasi. Mwenye maoni 10, tisa ya nyota 5 na moja la nyota 1, wastani wake bado ni 4.6. Anayeumizwa na lalamiko moja ni yule ambaye wateja wake walioridhika hawajawahi kuombwa waseme neno. Waombwe, bila kupewa punguzo la bei wala zawadi kwa hilo, maana Google hukataza.

Na hapa tuliseme wazi lile ambalo wengi wanalifanya kwa kudhani ni ujanja wa biashara: kuwapanga shangazi na binamu waandike sifa za chakula wasichokila. Waliosoma fiqhi ya mauzo wanaijua najshi, yaani mtu asiyenuia kununua anapopandisha bei ili amvute mwingine. Sisi hatuoni tofauti kubwa kati yake na sifa ya kupangwa. Marekani nayo, kupitia Tume yake ya Shirikisho ya Biashara, ilitoa kanuni mwaka 2024 inayopiga marufuku kununua na kuuza maoni ya uongo. Karibu yake kuna kosa la picha: abaya iliyochukuliwa kwenye ukurasa wa muuzaji wa Ghuba, na inayofika nyumbani kwa mteja ni kitambaa kingine kabisa. Hakuna jibu la adabu litakaloliponya lalamiko hilo. Ipigwe picha nguo iliyopo, dirishani, kwenye mwanga wa mchana.

WhatsApp Business, ambayo haina malipo kuipakua, husaidia kuonyesha saa za kazi, orodha ya bidhaa na bei zake, na hujibu yenyewe wakati mwenye biashara yuko Swala au amelala. Bei ikionekana, ugomvi mwingi hauzaliwi.

Limebaki la siri za wateja, nalo ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Tumeona stetasi zenye ujumbe wa M-Pesa wa mdaiwa, jina na nambari wazi, ili aaibike alipe. Tumeona pia nyuso za mabibi harusi, waliopakwa hina ndani ya chumba cha wanawake peke yao, zikitumika kama tangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu hata mfanyabiashara wa nyumbani. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliutoza ukumbi mmoja wa burudani jijini Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila idhini yake. Shule moja nayo ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi zilizotolewa bila idhini ya wazazi wao.

Kwa mpaka hina, basi, idhini iombwe kabla ya kupaka, siyo baada ya picha kupigwa, na iombwe kwa maandishi hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Ipigwe mikono, uso uachwe, na pete au mazingira yanayomtambulisha yaangaliwe. Bi harusi akibadili nia baada ya mwezi, picha iondolewe siku hiyo hiyo, na waambiwe waliosaidia kuitangaza waiondoe pia.