Kinyoleo Kipole au Kikali? Jua Tofauti Kabla Hujamuuzia Mteja wa Kipara

Wauzaji wa vifaa vya kunyolea mtandaoni, hii ya leo ni yenu. Wanaume wanaojinyoa kipara wenyewe nyumbani ni wateja wazuri, kwa sababu wananunua leo na nyembe watarudi kununua tena. Na vile vinyoleo vya chuma vyenye mpini, ambavyo unafungua kichwa na kuweka wembe mmoja wa makali upande mmoja, wanavipenda. Shida inaanza pale mteja anapouliza "hiki kinanyoa vizuri?" na muuzaji anajibu chap, "kikali sana kaka, hutajuta." Mzigo unatumwa. Siku mbili baadaye inakuja picha ya kisogo chenye mikwaruzo, na chini yake: nirudishie hela yangu.

Kinachotuponza hapa ni neno "kali". Sisi tukisema wembe ni mkali tunamaanisha makali yake yanakata. Wazalishaji wakiandika kwenye maelezo yao kwamba kinyoleo ni "aggressive", hawaongelei hilo kabisa, na wakiandika "mild" hawamaanishi kuwa ni butu. Chukua nyembe mbili za pakiti moja, weka moja kwenye kinyoleo kipole na nyingine kwenye kikali. Cha kwanza kitapita kichwani kama vile hakina kitu ndani, cha pili utakisikia kila kinapopita, na ukizubaa utaona damu. Nyembe ni zilezile. Kilichotofautiana ni jinsi kila kinyoleo kinavyouweka wembe mbele ya ngozi.

Hii unaweza kuiona kwa macho yako, huhitaji kumuuliza mzalishaji. Funga wembe kwenye kinyoleo, kishike kwa ubavu usawa wa jicho, mahali penye mwanga. Juu ya wembe kuna kofia, chini yake kuna ule ukingo wa chuma unaogusa ngozi kwanza, tuuite kizuizi. Sasa fikiria mstari ulionyooka kutoka ncha ya kofia hadi kizuizi. Makali yakiwa yamejificha nyuma ya mstari huo, kinyoleo ni kipole. Yakiwa yamegusa mstari, ni cha kati. Yakiwa yamechomoza mbele ya mstari, hicho ni kikali hata kama boksi limeandikwa kwamba kinafaa kila mtu. Piga picha ya ubavu hivyohivyo na uiweke kwenye posti yako. Wauzaji wengi wanapiga picha ya mpini unaong'aa, wakati mpini haumkati mtu.

Kitu cha pili ni nafasi kati ya makali na kizuizi. Kwenye vinyoleo vya wembe wa pande mbili, nafasi ya kama nusu milimita mpaka 0.7 kwa kawaida huhesabiwa ya upole, na ikikaribia milimita moja ujue uko kwenye ukali. Kwa vya upande mmoja usiitegemee sana namba hiyo peke yake, maana unene wa wembe nao una neno. Wembe wa kawaida wa dukani una unene wa kama milimita 0.1. Nyembe zilizotengenezwa maalum kwa vinyoleo vya upande mmoja, kama zile za GEM au zile za Artist Club za kampuni ya Feather ya Japani, zina unene wa mara mbili na zaidi. Wembe mnene hautetemeki unapokutana na nywele ngumu, kwa hiyo unakata kwa utulivu, ila haukusamehi ukiukandamiza.

Vipo pia vinyoleo vya upande mmoja vinavyotumia nusu ya wembe wa kawaida: unaukata katikati ukiwa bado kwenye karatasi yake, nusu moja unaitumia leo, nyingine unaiweka. Mfano mzuri ni Leaf Shave wa Marekani, ambao wana viwili vinavyofanana kwa umbo, Twig na Thorn. Twig ndicho kipole, Thorn kikali zaidi, na vyote vinakula nusu-wembe uleule. Ukitaka kumwelewesha mteja kwamba upole na ukali viko kwenye kinyoleo na sio kwenye wembe, mwonyeshe hivyo viwili.

Kwa soko letu, mimi ningeanza na hivi vya nusu-wembe, kwa sababu nyembe zake zinapatikana kwenye duka la mtaani. Ukimuuzia mtu kinyoleo cha wembe maalum, hakikisha na wewe unazo nyembe hizo stoo. Zile za pakiti zikiisha na asipate pengine, hicho kinyoleo kinageuka pambo la bafuni, na lawama ni zako.

Kwa taarifa tu, maana wapo wateja wanaopenda historia kwenye posti: vya upande mmoja ndivyo vilivyotangulia. Ndugu wa familia ya Kampfe huko New York walisajili chao mwaka 1880. Gillette alianza kuuza kile cha wembe mwembamba wa pande mbili, wa kutumia na kutupa, mwaka 1903.

Turudi kichwani, maana kichwa sio kidevu. Kidevu unakiona kwenye kioo. Kisogo unakinyoa kwa kupapasa, mkono mmoja unatangulia na mwingine unafuata na kinyoleo. Kuna mapindo nyuma ya masikio, kuna mabonde na vilima vya fuvu, kuna utosini ambapo nywele zinazunguka kama kimbunga na huwezi kujua zimelalia wapi. Pembe ya wembe kwa ngozi inatakiwa iwe kama nyuzi 30, lakini kwenye kitu cha mviringo pembe inabadilika kila sentimita. Kinyoleo kipole kinavumilia ukikosea pembe kidogo. Kikali hakivumilii. Ndiyo maana mtu anayenyoa ndevu kwa kikali bila shida miaka yote anaweza kujikata vibaya siku ya kwanza anapokipandisha kichwani. Akikwambia "mimi mzoefu", muulize mzoefu wa wapi.

Lakini usije ukaandika kwamba kipole ni bora kwa wote, utakuwa umedanganya upande wa pili. Kipole kina nafasi ndogo, na nywele zikiwa ndefu zinajaa humo. Mteja anayenyoa Jumapili hadi Jumapili akitumia kipole atapita, ataosha, atapita tena, mwisho anakasirika na kuanza kukandamiza. Kukandamiza na kurudia mahali palepale mara tatu nne kunaunguza ngozi kuliko kikali kilichopita mara moja kwa mkono mwepesi. Huyo mwambie apunguze kwanza na mashine ya umeme, ndipo apitishe kinyoleo kipole. Kama hana mashine, na mkono wake umeshazoea kunyoa kichwa kwa wembe, kikali kinamfaa.

Kwa hiyo kabla ya kumtajia bei, mchokoze kidogo kwa maswali. Kitu kama hiki kinatosha kwenye chati:

"Karibu sana kaka. Nikuulize mawili ili nikupe kinachokufaa: unanyoa kichwa kila baada ya siku ngapi? Na umeshawahi kutumia kinyoleo cha wembe mmoja kichwani, au hii ndiyo mara ya kwanza?"

Kila siku mbili tatu na ni mara ya kwanza: kipole, bila mjadala. Mara moja kwa wiki na ameshazoea: mwonyeshe vyote viwili, mweleze, achague mwenyewe. Akisema ananunulia zawadi ya mume au baba, mpe kipole, kwa sababu hujui mkono wa atakayekishika. Ukiagiza vinyoleo kumi vya kuanzia, maoni yangu ni vipole vinane na vikali viwili. Vikali hivyo viwili watakuja kuviulizia wenyewe wanaovijua.

Lipo swali la tatu, na hili liulize kwa adabu: ana vipele au vinundu kisogoni? Kwa nywele zetu za kipilipili, zikikatwa fupi mno ncha hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, ndipo vipele vinapotokea. Wembe mmoja husaidia kuliko vile vya nyembe tatu au tano zilizopangana, kwa sababu hivyo huuvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi. Kunyoa kufuata ulalo wa nywele nako kunasaidia. Ila vinundu vigumu vya kisogoni vinavyouma au kutoa usaha ni ugonjwa, na kunyoa kwa wembe kunavizidisha. Mtu huyo usimuuzie kipole kwa ahadi kwamba vitapona. Mwambie aache wembe kwa sasa, abaki na mashine isiyogusa ngozi, na aende hospitali. Umekosa mauzo ya siku moja, sawa.

Mzigo ukifika kutoka kwa msambazaji, kagua kimoja kimoja. Weka wembe, funga, angalia kwa mbele. Makali yanatakiwa yawe sambamba na kizuizi kutoka kona moja hadi nyingine. Kona moja ikiwa imechomoza kuliko ya pili, hicho ni kibovu, na ubovu huo haurekebishwi kwa kukaza zaidi. Vile vya bei ya chini vya aloi ya zinki ukivikaza kwa nguvu uzi wa skrubu unakatika, mwandikie mteja hilo kwenye karatasi ndani ya boksi: akaze kwa vidole tu, mpaka kishike.

Usitume kinyoleo kikiwa na wembe ndani. Nyembe zikae kwenye pakiti yake, zimefungwa pembeni, kuna bodaboda na kuna watoto kati yako na mteja.

Na suala la kurudisha liandike wazi kabisa kwenye posti, kabla hela haijaingia: kikiwa hakijatumika kinarudi na anabadilishiwa kipole kwa kikali au kikali kwa kipole. Kikishagusa ngozi hakirudi stoo. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa kwenye damu iliyokauka kwa siku saba vikiwa bado vinaambukiza, kwa hiyo kuosha na kukirudisha kwenye boksi ili auziwe mwingine hapana. Ukiona kosa ni lako, ulimpa kikali wakati aliomba kipole, mtumie kipya na ile hasara ibebe wewe. Hicho cha kwanza mwachie hukohuko.