Fedha ya kahawa isiishie gereji

Kahawa ikishauzwa, familia nyingi za Bukoba na Muleba huanza kuzungumzia gari: Land Cruiser ya zamani, Escudo au RAV4. Wanataka gari la kupanda Kamachumu wakati wa mvua na kumfikisha mgonjwa Rubya usiku. Hoja ni nzuri. Ila fedha hiyo hiyo ndiyo ada ya watoto, kwa hiyo mzazi usikimbilie rangi inayong'aa.

Nenda na fundi wako, si wa dalali. Alale chini aangalie kutu kwenye chasisi. Liwasheni injini ikiwa ya baridi, mwone moshi. Kisha mlijaribu kwenye tope, kwani RAV4 nyingine zilitengenezwa zikivuta magurudumu mawili tu. Namba ya chasisi ifanane na ya kwenye kadi, na umiliki uhamishwe TRA.

Ukishanunua, usianze kwa kuliinua na kulivika matairi makubwa. Gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona, na tairi kubwa huifanya spidomita isome chini ya mwendo halisi. Anza na breki, tairi zenye kashata, shokapu na taa. Kisha weka mikanda nyuma, wanakokaa watoto. Magurudumu manne yakivuta hukusaidia kupanda mlima. Kusimama ni kazi ya breki.

Mwisho, bakiza akiba ya spea. Bei ya gari la zamani hailipwi siku moja.