Dodoma haihitaji kuionea haya pangaboi

Mwaka 2016, Air Tanzania ilipoleta ndege zake mbili za kwanza za panga aina ya Q400, wapo waliobeza kwamba serikali imenunua pangaboi wakati wenzetu wanapanda jeti. Kejeli hiyo haijafa, na sasa macho yanaelekezwa kwenye uwanja mpya wa ndege wa Msalato, Dodoma, kana kwamba njia ya kurukia ya mita 3,600 inayojengwa huko ndiyo itakayomaliza shida ya usafiri wa anga katika nyanda za kati. Kwa mfanyabiashara wa Chang'ombe mwenye mzigo au mgonjwa wa kusafirisha, swali la maana zaidi ni ndege gani inaweza kutua anakokwenda, na itajaza mafuta wapi.

Historia ya ndege zetu za kijeshi inalijibu swali hilo vizuri. Ujerumani Magharibi ilipoondoa msaada wake wa kijeshi mwaka 1965, katika mzozo wa uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki, Kanada ilichukua nafasi yake. Ikaja na Otter na Caribou za kiwanda cha De Havilland Canada, ndege za polepole zenye mabawa mapana, zilizobuniwa kutua penye njia fupi ya vumbi. Miaka ya 1970 zikafuata ndege za kivita za China, zilizotokana na MiG za Kisovieti. Hizo zilikuwa za ulinzi, na Vita vya Kagera vilionyesha kwamba ulinzi wa anga si anasa. Lakini bawa jembamba lililolazwa nyuma kwa ajili ya kasi hudai njia ndefu ya lami, tena zaidi mahali kama Dodoma, penye mwinuko wa mita 1,100 hivi na hewa nyepesi ya mchana wa jua. Umbo hilo halikuzaa ndege za viwanja vifupi. Ukoo wa Otter ndio uliozaa: ikaja Twin Otter, ikaja Dash 8, na Q400 iliyobezwa ni mjukuu wake.

Atakayepinga atasema injini ya jeti ililelewa na jeshi, tangu Heinkel He 178 iliporuka Agosti 1939 hadi Me 262 ilipoingia vitani mwaka 1944. Ni kweli, na deni hilo ni kubwa. Ila faida yake ilitufikia pale injini ya turbini ilipofungwa panga na kuwekwa kwenye ndege ndogo kama Cessna Caravan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1982. Caravan hutumia mafuta ya jeti, ndugu wa mafuta ya taa. Cessna 206 ya pistoni, aina ambayo shirika la kimisionari la MAF liliirusha kutoka Dodoma kwa miaka mingi, hutaka petroli ya ndege, ambayo bara ni adimu na ghali. Caravan huuzwa kwa bei kubwa mno, sikatai, lakini ndege iliyokosa mafuta hailipi hata mkopo wake.

Treni ya SGR, iliyofika Dodoma mwaka 2024, itachukua abiria wengi wa Dar es Salaam, na ni haki yake. Haitafika Kibakwe wala vijiji vya Kondoa. Kwa hiyo Msalato ijengwe, lakini bajeti isisahau viwanja vya changarawe vya wilayani.