Prokirasyo inakufa na mwenyewe

Mwenzetu mmoja wa mugodi, mbele ya kuingia hospitali, alisinya karatasi ku notere: ndugu yake amushugulikie "mambo yote". Alikufa. Kisha matanga, ndugu akatosha ile karatasi, akataka kuuzisha parsele. Tulienda pale, tukaisoma pamoja na mujane na bana yake.

Karatasi ile inaitwa prokirasyo. Mwenye kuitoa akikufa, nayo imekufa. Na hata angekuwa muzima, "mambo yote" haifikie kuuzisha. Neno kuuzisha lazima liandikwe wazi. Muhuri je? Mara mingi notere anashuhudia sinyatire tu, ile wanaita legalizasyo. Hashuhudie kama maneno ni ya kweli. Watu bengi banaogopa muhuri bure!

Sheria ya Familia ya 1987 inapatia watoto robo tatu ya mali. Mujane, wazazi na ndugu wa marehemu wako ku robo inayobaki, lakini mujane ana haki ya kukaa mu nyumba waliyoishi na bwana yake.

Ndugu alikunja karatasi yake. Weye mwenye prokirasyo ku nyumba, utuletee ku biro ya sendika, tuisome pamoja.